Je, Wajua? Siri ya "Ko!" Chini ya Land Cruiser

Je, wajua kwamba gari la foo-wili laweza kugonga "ko!" bila kuwa na kifaa kibovu hata kimoja? Toyota Land Cruiser za toleo la 70, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, nyingi hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu tairi za mbele na za nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Ukiweka foo-wili kwenye lami kavu kisha ukakata kona, tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma. Shafti hujipinda na kukaza, mpaka tairi moja iteleze kwa kishindo. Dawa ni kurudi tuu-wili, basi.

Mlio ukitoka kila unapoachia klachi, hilo ni jambo jingine. Zima gari mahali tambarare, weka mawe kwenye tairi, toa gia, kisha ingia uvunguni uizungushe propela kwa mkono, huku na huku. Krosi, yaani kiungo cha propela, ikicheza, imekwisha. Unga wa kutu kando ya vikombe vyake huonyesha kwamba grisi ilikauka siku nyingi.

Na ikiwa si kugonga bali ni mvumo, ule unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta hutoka zaidi kwenye difu ya ekseli. Ukibadilika unapoyumbisha usukani, shuku beringi ya gurudumu kabla fundi hajaifungua difu bure.