Adabu ya Melini na Adabu ya Mjini

Ndugu msomaji, meli kubwa za watalii si kioja tena katika bandari zetu za pwani. Hutia nanga Mombasa, hutia nanga Dar es Salaam na Unguja, zikashinda mchana kutwa, na jua likielekea kuzama zikang'oa nanga zikenda zake. Sisi tulioko nchi kavu huwaona abiria wake wakishuka kwa kaptura na vifulana vya mikanda, tukawahukumu kwa hayo tuliyoyaona. Lakini upo upande wa maisha yao ambao hatuuoni, nao ni upande wa usiku, saa ya chakula inapowadia. Watu wale wale waliokatiza sokoni mchana mabega wazi, usiku husimama mbele ya kioo wakihangaika na vifungo vya shingoni, kwa kuwa kampuni ya meli imewaandikia kwamba pasipo vazi la heshima hapana meza. Nao hutii. Huo utii wao ndio ulionifanya nishike kalamu.

Tuchukue mfano wa kampuni ya Cunard ya Uingereza, ambayo imezishikilia kanuni hizi kuliko nyingi nyinginezo. Katika meli zake, mojawapo ikiwa ni Queen Mary 2 iliyoanza safari zake mwaka 2004, saa kumi na mbili ya jioni ikisha kupita, kaptura na nguo za kuogelea hazina tena nafasi katika kumbi kuu. Kisha zipo siku maalumu za karamu, ambapo mwanamume hutakiwa kuvaa suti nyeusi ya usiku na tai ya kipepeo, au walau suti ya rangi iliyokoza pamoja na tai ya kawaida. Naye mwanamke gauni refu la jioni au vazi jingine la fahari. Asiyetaka hatoswi baharini. Huachiwa ukumbi wa kujipakulia na baa kadha wa kadha, akale huko pamoja na wenzake wa fikra moja.

Hilo koti jeusi lenyewe lina kisa chake. Mafundi wa nyumba ya Henry Poole, katika mtaa wa Savile Row mjini London, husimulia kwamba mwaka 1865 walimshonea mwana wa mfalme, ambaye baadaye alikuja kutawala kwa jina la Edward wa Saba, koti fupi la kulia chakula cha usiku shambani kwake, ili apumzike na lile koti refu lenye mikia ambalo waungwana wa siku hizo walilazimika kulivaa. Mnamo mwaka 1886 koti la namna hiyo lilikwisha kuonekana Marekani, katika kijiji cha matajiri kiitwacho Tuxedo Park, na Wamarekani wakalipa jina la kijiji hicho hadi leo. Kwa hiyo vazi ambalo sasa huhesabiwa kuwa kilele cha urasmi lilizaliwa likiwa vazi la kukimbilia urasmi. Nadhani kila kizazi hulia juu ya ukakasi wa nguo alizovaa baba yake, kisha kikawavisha wanawe.

Baharini mambo haya hayakuanza kwa fahari. Meli ya kwanza ya Cunard, Britannia, ilipovuka Atlantiki mwaka 1840, ukumbi wake wa kulia ulikuwa chumba chembamba cha kutia huzuni, na Charles Dickens, mwandishi maarufu wa Kiingereza aliyesafiri nayo mwaka 1842, hakuusifu hata kidogo. Fahari ilikuja baadaye, chuma kilipochukua mahali pa mbao na mataifa ya Ulaya yalipoanza kushindana kwa meli kama majirani wanavyoshindana kwa harusi. Upeo wake ulikuwa Normandie ya Wafaransa, iliyoanza safari mwaka 1935. Ukumbi wake wa kulia wa daraja la kwanza ulikuwa na urefu wa mita 93, mrefu kuliko ule Ukumbi wa Vioo wa wafalme wao pale Versailles. Haukuwa na dirisha hata moja. Uling'aa kwa taa za vioo vya Lalique usiku na mchana. Watu waliuingia kwa kushuka ngazi pana, polepole, mmoja mmoja, wote waliokwisha kuketi wakiwatazama. Ndugu msomaji, ngazi ile ilichorwa na mhandisi kwa ajili ya gauni. Ukiiondoa nguo, ngazi haina kazi. Ukiwaondoa watazamaji, nguo haina kazi.

Palikuwa na desturi moja ndogo ya kupendeza: usiku wa kwanza na usiku wa mwisho hakuna aliyevaa rasmi, kwa kuwa masanduku yalikuwa hayajafunguliwa, au yalikwisha kufungwa. Hata kampuni za leo, kwa kawaida, haziweki karamu usiku wa kwanza.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba kushuka ngazi kulikuwa kwa watu wa daraja la kwanza peke yao. Habari za Titanic zinajulikana kwa wengi. Usiku ule wa tarehe 14 Aprili 1912 mabwana wa daraja la kwanza walikula katika suti zao nyeusi, na imesimuliwa na waliookoka kwamba tajiri mmoja wa Kimarekani, Benjamin Guggenheim, alipotambua kuwa meli inazama, alivua jaketi la kuokolea akavaa suti yake ya usiku, yeye na mtumishi wake, wakafa wakiwa wamevaa kiungwana. Watu wamekisifu sana kisa hicho. Mimi hukisoma pamoja na hesabu nyingine: katika abiria wa daraja la kwanza waliookoka walikuwa zaidi ya nusu, katika abiria wa daraja la tatu, ambao hakuna aliyewauliza wamevaa nini, waliookoka hawakuzidi sana robo.

Pwani yetu nayo iliyajua madaraja hayo. Meli za British India zilizokuwa zikija kutoka London, yaani Kenya na Uganda, zilizoanza kazi mwaka 1951 na 1952, zilikuwa na daraja la kwanza na daraja la watalii, kila moja na ukumbi wake wa kulia. Karanja na Kampala, zilizokuwa zikitoka Bombay kwenda Durban na kupitia Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, zilibeba mamia ya abiria wa daraja la chini, wafanyabiashara wadogo, makarani na mafundi pamoja na watoto wao. Abiria wa hali hiyo hakuhitaji tai. Alihitaji mahali pa kutandika mkeka.

Na jinsi vazi na meza vinavyoweza kumfanya mtu ajione mgeni hata katika safari aliyoilipia, hakuna aliyelieleza waziwazi kuliko Mahatma Gandhi katika habari za maisha yake. Alipokwenda Uingereza kusoma sheria mwaka 1888, akiwa kijana asiyetimiza miaka ishirini, hakuthubutu kuingia katika ukumbi wa chakula. Hakujua kutumia kisu na uma, na aliona haya kuuliza ni chakula kipi kisicho na nyama. Akawa akila chumbani matunda na vitu vitamu alivyotoka navyo nyumbani. Ndani ya meli alivaa suti nyeusi, akaihifadhi suti nyeupe ya fulana kwa ajili ya kushukia. Aliposhuka, ilikuwa mwishoni mwa Septemba, baridi imekwisha kuanza, na katika watu wote gatini alikuwa peke yake mwenye mavazi meupe. Miaka 43 baadaye, mwaka 1931, mtu huyo huyo alipanda meli Rajputana kwa daraja la pili, akaenda kunywa chai katika jumba la mfalme wa Uingereza akiwa amejifunga shuka yake na kuvaa makubadhi.

Zama za meli za safari zilikwisha kwa haraka. Mwaka 1958 ndege za jeti zilianza kuvuka Atlantiki, na kabla ya miaka mingi kupita, msafiri mwenye haraka hakuwa na sababu ya kukaa baharini siku tano. Meli zikageuzwa kuwa mahali pa kustarehe. Kampuni ya Carnival, iliyoanzishwa mwaka 1972, iliziuza safari zake kwa watu wa kipato cha wastani kwa jina la furaha, wala si la fahari. Na mwaka 1998 kampuni hiyo hiyo ikainunua Cunard. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian ikatangaza utaratibu wa kila mtu kula saa aitakayo, na amtakaye, bila kulazimishwa suti. Wengine wakafuata, kila mmoja kwa kadiri yake.

Kampuni hueleza kwamba wanawapa wageni uhuru. Hapana shaka uhuru upo. Hata mizigo ya ndege imekuwa ghali, na si kila mtu yuko tayari kubeba gauni refu ili alivae mara mbili. Lakini penye uhuru huo pana vilevile kumbi ndogo za chakula zinazotozwa malipo ya ziada, ambazo hustawi pale ukumbi mkuu unapopoteza utukufu wake. Na pale karamu za suti zilipobaki, mpiga picha wa meli husimama mlangoni na pazia lake, akiwapiga picha wanandoa waliopendeza, kesho yake akawauzia. Ivaliwe tai au isivaliwe, mwenye meli hakosi.

Wanaoitetea kanuni ya zamani wanayo hoja ambayo haifai kudharauliwa. Wanasema koti jeusi huwasawazisha watu: mwalimu mstaafu na mwenye kiwanda, wakiisha kulivaa, hutamtambua yupi ni yupi. Sisi tuliokalia mikeka ya chuo tukiwa wadogo twaifahamu hoja hiyo. Nenda kwenye walima wowote wa pwani. Wanaume wamevaa kanzu na kofia, wameketi wanne au watano kwenye sinia moja la pilau, na mchukuzi wa bandarini mkono wake unagusana na mkono wa mwenye duka. Kanzu ni moja na sinia ni moja. Ila hapo ndipo hoja ya wenzetu wa melini inapopwaya. Ndani ya Queen Mary 2, ukumbi wa kulia hutegemea chumba ulichokilipia: wengi hula Britannia, wenye vyumba vya bei kubwa hula Princess Grill, na wenye vyumba vya bei kubwa zaidi hula Queens Grill. Suti ni moja, masinia ni matatu.

Na kuna mtu mmoja ambaye hachaguliwi vazi na karamu wala na uhuru, naye ni mhudumu. Kila usiku, siku ya suti na siku ya shati, yeye yumo katika sare iliyopigwa pasi. Wengi wao ni Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, na katika miaka ya karibuni vijana wa Mombasa nao wameingia katika kazi hii. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2013, unamhakikishia baharia mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, yaani unaridhia afanye kazi hadi saa 14. Meli nyingi zimeandikishwa Bahamas, Panama au Bermuda. Cunard yenyewe ilizihamishia meli zake Bermuda mwaka 2011, ikieleza kwamba yataka kufungisha ndoa baharini. Anayejadili heshima ya meza ya melini bila kumtaja anayeiandaa, amejadili kitambaa cha meza tu.

Katika kanuni hizo za Cunard mna ibara moja fupi ambayo yafaa watu wetu waijue: mahali pa suti ya usiku, mgeni anaweza kuvaa vazi rasmi la taifa lake. Mskoti huja na sketi yake ya kilti, Mhindi na koti lake refu la shingo iliyofungwa. Kwa maandishi hayo, kanzu ya kazi ya mkono, na joho au koti juu yake, ni vazi kamili la karamu, na Mswahili hana haja ya kuazima tai. Sasa linganisha. Mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alizipiga marufuku suti za Kaunda ndani ya Bunge, akisisitiza koti, kola na tai. Meli ya Waingereza inampisha mtu na vazi la kwao. Bunge la Waafrika linaikataa suti iliyopewa jina la rais wa Kiafrika. Nani kati yao ameachiwa ukoloni kuulinda?

Turudi bandarini. Wazee wa Mji Mkongwe wa Unguja hawamtaki mgeni avae joho wala buibui. Wanamwomba afunike mabega na magoti, basi, kwa kuwa mitaa ile ni nyumba za watu na misikiti, wala si ufuko. Mara nyingi wapo wanaowaonea aibu wageni, wakasema mtalii hapangiwi mavazi, tukimpangia atakimbia na fedha zake. Lakini mtalii huyo amepangiwa mavazi tangu siku alipokata tikiti, akapangiwa hata saa ya kuyavaa, na hakukimbia, alilipa zaidi.

Jioni, kabla ya kulala, abiria hupata ratiba ya siku inayofuata: meli itafika wapi, saa ngapi watashuka, na vazi la chakula cha usiku ni lipi. Wakala wa meli bandarini, kabla chombo hakijaingia, huandikiana na nahodha juu ya maji, mafuta, taka na magari ya kuwatembeza wageni. Katika barua hiyo hiyo na iongezwe sentensi moja ya kuingizwa katika ratiba, kwa herufi sawa na zile za tai nyeusi: mjini Unguja, mabega na magoti yafunikwe.