Je, wajua? Utamu wa tumbaku ya Virginia hutoka banini

Wavuta kiko wengi huamini kwamba tumbaku ikiwa tamu, basi imetiwa asali au manukato. Zipo zilizotiwa, tena nyingi. Lakini chukua mchanganyiko wa majani mawili tu, Virginia na lile la Kituruki, bila kiungo kingine chochote: utamu utaukuta vilevile. Huo umetengenezwa na jani la Virginia lenyewe, ndani ya bani, nyumba ya kukaushia tumbaku.

Wakulima wa Urambo, Tabora, huiita Virginia tumbaku ya mvuke. Jani likichumwa lina wanga mwingi na sukari kidogo. Hutungwa kwenye fito na kuning'inizwa banini. Moto huwashwa tanurini na joto hupita katika mabomba ya bati, moshi usiliguse. Mwanzoni joto hushikiliwa kwenye nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi, na unyevu huachwa humohumo. Jani limechumwa lakini halijafa. Bado linapumua, na vimeng'enya vyake vinauvunja wanga kuwa sukari, huku ukijani ukififia na manjano yakijitokeza. Hapo ndipo mkulima hapati usingizi. Akizidisha moto mapema, jani hufa likiwa kijani na ukakasi wake hautoki tena. Akichelewa, hugeuka kahawia na thamani imekwenda. Manjano yakienea, hufungua matundu ya hewa na kupandisha joto polepole hadi nyuzi 70 hivi, mpaka uti wa kati uwe mkavu wa kuvunjika. Kazi nzima huchukua karibu wiki.

Jani la Kituruki halihitaji bani. Huko Izmir na Samsun hupandwa kwa kubanana kwenye udongo hafifu, likabaki dogo, mara nyingi halifikii kiganja. Hutungwa kwenye uzi na kuanikwa juani. Dhiki hiyo ndiyo inayolipa harufu: vinyweleo vyake hutoa utomvu unaonata, na utomvu ukiungua hunukia kama ubani, na uchachu kwa mbali.

Kabla ya kujaza kiko, finya tumbaku kwa vidole. Ikifumuka yenyewe, inafaa. Ikibaki donge, ianike kwanza. Ilegeze chini, ikaze kidogo juu, kisha vuta taratibu. Virginia yenye sukari nyingi huwaka kwa joto kali, na mwenye pupa huunguza ulimi akailaumu tumbaku. Mwanzoni hunukia nyasi kavu na ganda la chungwa. Kufikia katikati, mkate uliookwa, na ubani wa Kituruki ukija na kupotea. Kwangu fungu moja la Kituruki kwa manne ya Virginia latosha. Likizidi, hufunika utamu.

Ladha hizo hujipambanua zaidi katika kiko cha jiwe jeupe jepesi, kwa kuwa hunyonya unyevu wa moshi na halichanganyi ladha yake. Jiwe hilo lilichimbwa Sinya, Longido, na viko vikachongwa Arusha. Ufundi wa namna hiyo haukustahili kuachwa ufifie.

Matumizi mengine ya tumbaku ni yale yanayojulikana: sigara, ugoro, shisha, na maji ya kunyunyizia wadudu, ambayo ni sumu hata kwa anayenyunyizia. Na moshi wa kiko, ingawa haumezwi, huleta saratani ya mdomo na koo. Anayevuta ajue hivyo, na asiyevuta asianze.

Kinachoniumiza zaidi ni kuni. Banini Tabora, sukari ile hupatikana kwa kuteketeza miombo, msitu uleule unaowalisha nyuki wa asali yetu. Mabani yaliyoboreshwa yapo na hutumia kuni chache, lakini gharama ya kuyajenga na ya kupanda miti huangukia mabega ya mkulima. Si haki. Anayenunua jani kwa sababu ya utamu wake alipie pia mti uliounguzwa kuupata, na alipie kabla soko halijafunguliwa.