Mzinga Ukigawanywa, Nani Atamlea Malkia?

Malkia wa nyuki hana yai lake la pekee. Yai lile lile lililorutubishwa laweza kumtoa malkia au kibarua. Malezi ndiyo huamua. Mchungaji Adam Gottlob Schirach wa Saxony, Ujerumani, alilithibitisha hilo katika karne ya 18: aliwafungia nyuki wasio na malkia pamoja na sega lenye mabuu ya vibarua, nao wakajilelea malkia. Mwaka 2008 watafiti wa Canberra, Australia, walizima jeni moja tu ndani ya mabuu ya aina hiyo, na mengi yakawa malkia.

Kwa hiyo mfugaji wa Goma anayegawa mzinga hana haja ya kuagiza malkia kutoka mbali. Anahamisha masega yenye mayai, mabuu, asali na chavua, pamoja na nyuki wengi walioyafunika, na kumwacha malkia mama katika mzinga wa zamani. Baada ya saa chache nyuki waliohamishwa hukosa harufu ya mama. Huchagua mabuu yasiyozidi siku tatu tangu yaanguliwe, huyajaza maziwa ya nyuki, na kuvirefusha vijumba vyao mpaka vinaning'inia kama maganda ya karanga. Kibarua huchukua siku 21 tangu yai litagwe. Malkia huchukua 16, na nyuki wa Afrika huwahi kidogo. Anayetangulia kutoka huwachoma wenzake wakiwa bado vijumbani.

Kazi ngumu imebaki angani. Malkia lazima aruke akapandane na madume 10 hadi 20, na hapo mfugaji hana msaada wowote. Mtaa kama Mapendo hapa Goma, nyumba zilivyobanana, si mahali pa kuweka mizinga ya nyuki wetu wakali. Lakini malkia na madume huruka kilomita kadhaa, na dume la kundi lililojificha darini huko laweza kuwa baba wa vibarua wa mzinga ulio nje ya jiji. Nalifurahia sana hilo: damu ya nyuki wa hapa hapa, waliozoea mita 1,500 za Goma.

Kalenda za Ulaya za kugawa mizinga, zinazohesabu kuanzia mwisho wa baridi, hazitufai. Tazama maua, tazama kama madume yapo, kisha tazama mawingu. Mvua ikimfungia malkia kwa wiki tatu hivi, wakati wake wa kupandana hupita, naye hutaga mayai yanayotoa madume matupu.

Usifunue mzinga ovyo. Wiki ya nne baada ya kugawa tafuta mayai, moja katika kila kijumba. Ukikuta kijumba kimoja kina mengi, huenda vibarua wameanza kutaga. Usipokuta yai hata moja, wape sega jingine lenye mayai kutoka kwa mama, waanze upya.