Ndugu wa Nyanya Waliobakia Mwituni

Nyanya zinazojaza matenga sokoni, ziwe zimetoka Ilula, Lushoto au Kirinyaga, zote zina asili moja iliyo mbali mno na pwani yetu, nayo ni nchi za Amerika ya Kusini zilizo kandokando ya milima ya Andes, ambako hata leo huota mwituni mimea ya jamaa yake yenye matunda madogo, mengine yakibaki ya kijani hata yaivapo. Waspania walipoitoa nyanya Meksiko, ilikokuwa imekwisha fika, katika karne ya 16 na kuieneza Ulaya, walichukua mbegu za aina chache tu, hata ikawa nyanya ni mfano wa bwana harusi aliyehamia ugenini na kisanduku kimoja cha nguo, akaiacha kwao mali yote ya wazee wake. Na uhaba huo wa urithi ni sababu mojawapo ya nyanya za shambani kushindwa upesi na maradhi.

Aliyeijua mali hiyo kuliko wengi ni Charles Rick, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, aliyesafiri Andes mara nyingi akikusanya mbegu za mwituni na kuziweka katika hazina ambayo wataalamu wa ulimwengu huichotea mpaka sasa. Kisa chake cha visiwa vya Galapagos chastahili kusimuliwa kwa kituo. Mbegu za nyanya za huko zilikuwa nzito mno kuota, hata akawaza kwamba labda yuko mnyama wa visiwani ambaye tumbo lake ndilo liziamshalo. Wakalishwa kobe wakubwa wa Galapagos waliokuwa wakifugwa California, na mbegu zilizookotwa katika kinyesi chao zilipopandwa, zikachipua kwa wingi. Fauka ya hayo, katika nyanya hizo ilipatikana jeni iondoayo kifundo cha kikonyo, tunda likawa huchomoka bila ya kubakiwa na kijiti cha kuwatoboa wenzake, jambo lililowafaa sana wenye mashine za kuvunia.

Maabara nayo ilijaribu njia yake. Mwaka 1994 serikali ya Marekani iliidhinisha nyanya iitwayo Flavr Savr, ya kampuni ya Calgene, ambayo ilitiwa nakala ya jeni yake yenyewe, imepachikwa kinyumenyume, ili kuinyamazisha ile inayolainisha tunda. Kufika 1997 ilikwisha toweka madukani. Si kwa kuwa ilmu ilikosea, bali gharama zilizidi mapato, na kampuni haikuwa na mazoea ya kulima na kusafirisha matunda. Isitoshe, nyanya zikawiazo kuoza zilikuwa zikipatikana kwa uchavushaji wa kawaida, kwa badiliko la asili liitwalo rin, ila aghalabu ladha nayo hupungua.

Habari ya ladha ndiyo inayonishughulisha mimi. Mwaka 2012 ilitangazwa ramani ya urithi wote wa nyanya, yenye jeni zipatazo 35,000, na mwaka huo huo ikabainika kwamba kule kuchagua kwa miongo mingi matunda yasiyo na mabega ya kijani, ili yaive kwa rangi moja ya kupendeza, kulileta jeni mbovu mahali pa ile inayolisaidia tunda changa kujitengenezea sukari. Wekundu tuliununua kwa utamu, wala hapana aliyetuambia bei.

Kwetu, aina ya Tengeru 97, iliyotoka katika kituo cha utafiti karibu na Arusha, ilipata sifa kwa kuvumilia safari. Lakini mnamo 2014 nondo ambaye wakulima wa Tanzania humwita kantangaze alikuwa amekwisha ingia Afrika Mashariki, na viwavi wake huchimba majani na matunda, tena wamezoea dawa nyingi. Naye pia kwao ni Amerika ya Kusini. Kwa hiyo si ajabu kinga yake kutafutwa huko huko, kwa kuwa baadhi ya nyanya za mwituni zina vinyweleo vitoavyo utomvu wa kunata unaowachukiza wadudu. Kazi ya kuihamisha tabia hiyo ni ya taratibu, maana hutegemea jeni kadhaa, na chotara huzaliwa pia na udogo wa matunda. Basi mtaalamu hana budi kumchavusha tena na nyanya ya shambani, kizazi baada ya kizazi, akipima urithi wa kila mche ungali kitaluni na kuing'oa yote iliyokosa vinyweleo.