Kifaa cha kusikia: bei ya dukani si gharama yote

Mfanyabiashara wa zabibu wa Hombolo anayeanza kusikia bei nusu nusu yumo hatarini kupata hasara kila siku ya soko. Hata hivyo, kununua kifaa cha kusaidia kusikia kabla ya kupimwa kunaweza kuwa hasara nyingine.

Hatua ya kwanza ni kumwona daktari wa masikio. Nta iliyoziba au usaha hutibika, na huenda mteja asihitaji kifaa kabisa. Kipimo cha usikivu huonyesha ni sauti zipi zimepotea, na kifaa hurekebishwa kufuatana na kipimo hicho. Vikuza sauti vya bei nafuu aghalabu hupandisha kelele zote pamoja, za mashine na za mazungumzo.

Hesabu ya pili ni ya uendeshaji. Betri ndogo ikidumu wiki moja, sikio moja hula betri 52 kwa mwaka. Masikio mawili, 104. Betri hizo hutumia hewa: kibandiko kikishabanduliwa huanza kuisha, hata kifaa kisipotumika. Vifaa vya kuchaji navyo hutaka umeme wa uhakika.

Mkazi wa Hombolo aongeze nauli ya kwenda Dodoma mjini, kilomita zipatazo 40, kwani kifaa kipya hurekebishwa zaidi ya mara moja. Vumbi na jasho pia hukiharibu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize: Je, bei inajumuisha kipimo, kipande cha sikioni na marekebisho? Dhamana ni ya muda gani? Vipuri vinapatikana nchini? Asiyepewa majibu kwa maandishi asitoe fedha zake.