Kabla ya Kusema Mgonjwa Haelewi

Mtu akipigwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, hukumu huja haraka. Anaulizwa jina lake anatoa sauti zisizoshikika, anaombwa anyanyue mkono anabaki kukodoa macho, na kabla wiki haijaisha watu waliokizunguka kitanda wameshakubaliana kwamba haelewi tena. Hali hiyo ya lugha kuvurugika huitwa afasia, na huwapata takribani theluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi. Si jambo la mbali nasi. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania, wilayani Hai na Dar es Salaam, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa katika kila watu 100,000 walipatikana wagonjwa wapya wa kiharusi 109 kwa mwaka huko Hai na 316 Dar es Salaam, baada ya tofauti za umri kusawazishwa. Hoja yangu ni kwamba hukumu ile ya kitandani mara nyingi si sahihi, na kwamba huko Mbeya na Iringa, kwa sababu ya lugha nitakazozitaja, ni rahisi kukosea.

Tuanze na ubongo usio na jeraha. Msikilizaji hangoji neno liishe ndipo alitafutie maana. Akisikia “mbu” tu, mbuzi, mbuyu, mbuga na mbuni yote yameshaamka kichwani. Silabi inayofuata ndiyo inayoyaondoa yasiyohusika. Kwa hiyo ubongo hulazimika kuzishikilia sauti ilizokwisha kusikia mpaka ijulikane ni neno gani, na hapo ndipo afasia inapouma. Watafiti waliwasikilizisha hadithi watu 39 wenye afasia na wengine 24 wa rika lao wasio nayo, huku wakipima umeme wa ubongo kwa vinasio vilivyobandikwa kichwani. Mwanzoni makundi yote mawili yalizipokea sauti kwa namna moja. Baada ya sehemu ndogo ya sekunde, alama za sauti zikafifia kwa wenye afasia. Na pale neno lilipokuwa halijajulikana bado, ubongo wa wasio na afasia uliendelea kuzishikilia sauti kwa muda mrefu zaidi, ilhali wa wagonjwa haukufanya hivyo. Inafaa kuzingatia kwamba kasi ya kuchakata haikutofautiana. Mlango wa sauti uko wazi. Kinachopungua ni nguvu ya kuzishika hadi zikamilike.

Lakini maneno yenyewe je, yangalipo? Tangu Paul Broca mwaka 1861 na Carl Wernicke mwaka 1874 walipohusisha lugha na maeneo maalumu ya ubongo, madaktari wengi walifikiri kwamba eneo likiumia, kilichohifadhiwa humo kimepotea. Mwaka 1981 watafiti William Milberg na Sheila Blumstein walitoa ushahidi unaoitikisa dhana hiyo. Wagonjwa wenye tatizo kubwa la kuelewa walishindwa kueleza kama maneno mawili yana uhusiano wa maana, na hata hivyo walilitambua neno upesi zaidi lilipotanguliwa na neno la jamii yake. Maana ilikuwa ikifanya kazi chini kwa chini, mwenyewe asiweze kuifikia anapoihitaji. Kuna pingamizi la haki hapa: vipimo vya umeme wa ubongo vya miaka ya 1990 vilionyesha kuwa wagonjwa walioathirika zaidi hutoa mwitikio dhaifu au uliochelewa kwa neno lisilolingana na sentensi. Ni kweli, na sidai kwamba kila mgonjwa anaelewa kila kitu. Ila mwitikio dhaifu bado ni mwitikio, na pengo kati ya anachojua mgonjwa na anachoweza kukionyesha haliwezi kupimwa kwa swali moja la haraka wodini.

Swali hilo, tena, huulizwa kwa lugha gani? Mzee wa Rungwe, Mbeya, aliyelelewa kwa Kinyakyusa, au bibi wa Kilolo, Iringa, aliyezeeka akiongea Kihehe, hupimwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya hospitali. Kuhusu mtu mwenye lugha zaidi ya moja, Théodule Ribot alidai karne ya 19 kwamba ubongo ukiumia lugha iliyotangulia utotoni ndiyo inayosalimika, na mwaka 1895 Albert Pitres akasema ni ile iliyotumika zaidi. Hakuna kanuni kati ya hizo iliyothibitika kwa wagonjwa wote. Wapo ambao lugha zao hurudi pamoja, na wapo ambao moja huitangulia nyingine. Kwa hiyo aliyepima Kiswahili peke yake amepima Kiswahili cha mgonjwa, basi. Atakayejibu kwamba muuguzi hawezi kujua Kisafwa, Kinyakyusa na Kihehe kwa pamoja anasema kweli, lakini mwenye kuzijua mara nyingi amekaa pembeni ya kitanda: mke, mtoto au jirani aliyeleta uji.

Pingamizi zito zaidi ni la rasilimali. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha nchini ni wachache mno. Tiba yenyewe inasaidia. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio 57, uliochapishwa mwaka 2016, ulithibitisha hilo. Hata hivyo uchache wa wataalamu ni sababu ya kufundisha familia, si ya kumnyamazisha mgonjwa. Redio izimwe. Sentensi ziwe fupi na ziachiwe nafasi katikati, kitu kinachozungumzwa kioneshwe kwa kidole, na maswali yawe ya kujibiwa kwa kutikisa kichwa, huku ikikumbukwa kwamba hata “ndiyo” na “hapana” zaweza kumchanganya, hivyo jibu lihakikishwe mara ya pili kwa njia nyingine. Nanyi wauguzi na madaktari wa Mbeya na Iringa, kabla ya kuandika katika faili kwamba mgonjwa haelewi, mwiteni ndugu yake amuulize kwa lugha ya nyumbani, kisha muandike alipimwa kwa lugha ipi.