Natalie du Toit katika Maji Yasiyo na Kuta

Katika mji wa Cape Town, Afrika Kusini, alizaliwa tarehe 29 Januari 1984 binti aitwaye Natalie du Toit, ambaye kipaji chake cha kuogelea kilidhihiri mapema hata akaiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kuala Lumpur, mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 14 tu. Azma yake ilikuwa Olimpiki. Ile ya Sydney ya mwaka 2000 ilimponyoka kwa kadiri ndogo. Na Februari 2001, alipokuwa akitoka mazoezini kwenda shuleni juu ya pikipiki yake ndogo, aligongwa na gari, na mguu wake wa kushoto ukaharibika hata waganga wakawa hawana budi kuukata kwenye goti.

Baada ya miezi michache alirudi majini, kabla hajaweza kutembea tena. Hapo ndipo ilipo ajabu ya kisa hiki, nami naona inastahili kuelezwa kwa utuo. Muogeleaji husukuma maji hasa kwa mikono, lakini miguu ndiyo imsawazishayo mwili. Mmoja ukikosekana, kiwiliwili huelemea upande, na mguu uliobaki hulazimika kufanya kazi ya kusukuma na ya kusawazisha pamoja. Tena katika bwawa, kila afikapo ukutani, mwenye miguu miwili hujipindua na kujirusha kwa nguvu za yote miwili, hali mwenye mmoja hupoteza kidogo hapo, na kidogo tena kila ageukapo, hata hasara zile zikijumlishwa huwa umbali mkubwa.

Licha ya hayo, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Manchester mwaka 2002 alitwaa dhahabu mbili katika mashindano ya walemavu, kisha akaingia fainali ya mita 800 mtindo huru pamoja na wasio na ulemavu. Mbio za kilomita 10 katika maji ya wazi zilipotiwa katika Olimpiki, alipata uwanja uliomfaa barabara: humo hamna kuta za kugeukia, na mikono na stahamala ndizo hakimu. Mei 2008, huko Seville, Uhispania, alishika nafasi ya nne katika mashindano ya dunia, akajipatia haki ya kwenda Olimpiki ya Beijing.

Akaenda, akiibeba bendera ya nchi yake. Aliuvua mguu wa bandia, akaingia majini na wenzake bila ya kupewa tahafifu yoyote, akamaliza wa 16 baada ya muda wa saa mbili hivi, nyuma ya mshindi, Larisa Ilchenko wa Urusi, kwa muda usiotimia dakika moja na nusu. Wiki chache baadaye, katika Paralimpiki ya mji uleule, alijizolea dhahabu tano, kama alivyofanya Athens mwaka 2004. Na baada ya London, mwaka 2012, alistaafu akiwa na dhahabu 13 na fedha mbili za Paralimpiki.

Wengi waliisifu nafasi ile ya 16 kama muujiza. Yeye mwenyewe hakuridhika nayo, kwani alikuwa ametaraji kumaliza mbele zaidi. Na kutoridhika kule, kwa maoni yangu, ni fahari kubwa kuliko sifa zote alizopewa, maana alitaka ahesabiwe muogeleaji miongoni mwa waogeleaji, apimwe kwa saa ileile waliyopimwa wao.